Eti Mungu Wenu Ni Punda? Somo Kutoka Ukuta wa Roma



Leo tunaingia kwenye historia ya Kanisa la mwanzo, na naomba usikimbie ukiona miaka na majina ya Kilatini. Jambo lenyewe unalijua vizuri: ni uvumi. Ni ile tabia ya kusema "hawa watu, we waone hivi hivi tu, huko ndani wanaabudu kitu fulani". Wakristo wa kwanza walisemwa hivyo. Waliambiwa mchana kweupe kwamba Mungu wao ni punda.

Kabla hujaendelea, chukua Biblia yako usome sehemu hizi tatu: Kutoka 20:16, Kutoka 23:4-5 na 1 Petro 3:13-17. Tutazirudia huko mbele.

1. Mchoro wa kumcheka Alexamenos

Mwaka 1857, kwenye kilima cha Palatino kule Roma, yalifukuliwa magofu ya jengo lililokuwa sehemu ya makao ya makaisari. Wataalamu wanaliita Paedagogium, kwa sababu inaaminika ndimo walimofundishwa vijana watumishi wa ikulu. Kuta zake zimejaa maandishi ya kukwaruza, yaani mambo yale yale ambayo wanafunzi wa bweni wanayafanya mpaka leo.

Kati ya hayo kuna mchoro mmoja wa ajabu. Mtu amesulubiwa, mwili ni wa binadamu lakini kichwa ni cha punda. Pembeni, upande wa chini, amesimama kijana ameinua mkono kama anayesali. Chini yake yamekwaruzwa maneno ya Kigiriki, maana yake ni hii: Alexamenos anamwabudu Mungu wake.

Wataalamu wengi wanaukadiria mchoro huo kuwa wa karibu mwaka 200 baada ya Kristo. Hebu tulia uone hapo. Hii ni moja kati ya picha za kale kabisa za Yesu msalabani tulizonazo duniani, na haikuchorwa na Mkristo. Imechorwa na mtu aliyekuwa anamcheka mwenzake. Mwenzake wa chumba, pengine. Mtu waliyekula naye.

Sasa swali: huyo mchoraji alitoa wapi habari ya punda?

2. Uvumi ulianzia kwa Wayahudi

Hadithi hii ilikuwepo kabla ya Wakristo. Walioanza kusingiziwa ni Wayahudi.

Kule Aleksandria, Misri, kulikuwa na msomi maarufu aitwaye Apion. Jiji lile lilikuwa na Wayahudi wengi, na mwaka 38 zilitokea ghasia kubwa dhidi yao. Nyumba zilivamiwa, watu wakauawa. Baada ya hapo pande mbili zilituma wajumbe kwa Kaisari. Wayahudi waliongozwa na mwanafalsafa Philo, na kati ya waliokwenda kuwasema vibaya alikuwa huyo Apion. Moja ya madai yake ni kwamba mfalme Antioko Epifane alipoliteka nyara Hekalu la Yerusalemu, karne ya 2 kabla ya Kristo, alikuta humo kichwa cha punda cha dhahabu, na eti ndicho Wayahudi walichokuwa wakikiabudu.

Mwishoni mwa karne ya 1, Myahudi Flavius Josephus aliandika kitabu kizima kumjibu, kinaitwa *Dhidi ya Apion*. Moja ya hoja zake ni rahisi sana, na mtu yeyote anaweza kuielewa: Hekalu letu limeingiwa na maadui wengi. Aliingia Antioko, akaingia Pompeius, Crassus naye, na mwisho Tito. Hao hawakuwa marafiki zetu. Je, kuna hata mmoja aliyetoka na kichwa cha punda?

Sisi Wakatoliki tuna shahidi mwingine ndani ya Biblia yetu. Soma 1 Wamakabayo 1:20-24. Pale vimeorodheshwa vitu alivyobeba Antioko: altare ya dhahabu, kinara cha taa, meza, vikombe, pazia na kadhalika. Punda hayupo.

Lakini uvumi haukufa. Mwanzoni mwa karne ya 2, mwanahistoria mkubwa wa Roma, Tacitus, aliandika kwamba Wayahudi walipotoka Misri walishikwa na kiu jangwani, Musa akafuata kundi la punda mwitu akapata maji, na kwa shukrani wakaweka sanamu ya mnyama huyo patakatifu. Kinachoshangaza ni kwamba kurasa chache mbele, Tacitus huyo huyo anasema Wayahudi wanamwabudu Mungu mmoja kwa akili tu, bila sanamu yoyote. Tena anasema Pompeius alipoingia Hekaluni, mwaka 63 kabla ya Kristo, alikuta patupu. Yaani kitabu kimoja, mwandishi mmoja, mambo mawili yanayopingana. Ukisoma mantiki mwaka wa kwanza wa falsafa utafundishwa kwamba jambo haliwezi kuwa kweli na si kweli kwa wakati mmoja na kwa namna ile ile. Tacitus alilijua hilo vizuri kuliko mimi na wewe. Ila watu tusiowapenda huwa hatuwapi heshima ya kufikiri sawasawa juu yao.

Na kwa nini punda, si ng'ombe au mbuzi? Ufafanuzi unaokubalika na wengi unatupeleka Misri. Wamisri walimhusisha punda na Sethi, mungu wao wa vurugu, jangwa na wageni. Wagiriki walimwita Typhon. Mwandishi Plutarch anataja hata watu waliosimulia kwamba Typhon alikimbia vita juu ya punda siku saba, kisha akazaa wana wawili walioitwa Hierosolymus na Judaeus. Umeona? Walichukua majina ya Yerusalemu na Uyahudi wakayapachika kwa mungu wa vurugu. Kumwambia mtu "unaabudu punda" ilikuwa ni kumwambia: wewe ni wa upande wa uharibifu, wewe si mwenzetu.

3. Kisha wakageukiwa Wakristo

Wakristo walitoka katika ukoo wa imani ya Wayahudi, hivyo wakarithi na matusi yake. Tertullianus wa Karthago, Afrika ya Kaskazini, alilisema hilo wazi katika utetezi wake uitwao *Apologeticus*, karibu mwaka 197. Anamtaja Tacitus kuwa ndiye aliyeipandikiza dhana hiyo, na anaonyesha jinsi alivyojipinga mwenyewe.

Tena anasimulia jambo lililotokea mjini kwao. Mtu mmoja aliyekuwa akilipwa kupambana na wanyama katika maonyesho alizungusha picha mitaani. Ilikuwa na kiumbe mwenye masikio ya punda na ukwato mguu mmoja, amevaa vazi la heshima la Kirumi, ameshika kitabu, na maandishi yanayosema huyu ndiye mungu wa Wakristo. Leo tungesema alitengeneza picha akaisambaza kwenye magrupu. Tertullianus anasema wao walicheka, jina pamoja na sura.

Mwandishi mwingine, Minucius Felix, ametuachia mazungumzo yaitwayo *Octavius*. Marafiki watatu wanatembea ufukweni Ostia, karibu na Roma. Wawili ni Wakristo, mmoja, Caecilius, ni mpagani. Caecilius anaanza kutaja yote aliyosikia: wanaabudu kichwa cha punda, wanaua watoto, wanafanya uchafu gizani. Halafu anasema jambo ambalo nataka ulishike: kwamba yeye hajui kama tuhuma hizo ni za uongo, lakini ibada za siri na za usiku lazima zitiliwe mashaka. Yaani hana ushahidi. Ana harufu tu. Na harufu kwake inatosha.

Octavius anamjibu kwa upole wa ajabu. Hamwiti mjinga. Anamwambia kwamba hata sisi zamani tulikuwa kama wewe, tuliamini hayo hayo juu ya Wakristo. Halafu tukajiuliza: mbona katika wote walioteswa na kuuawa hakuna aliyejitokeza kukiri mambo hayo, wakati angekiri angesamehewa? Mwisho wa mazungumzo Caecilius anaikubali imani. Mtu aliyekuja na uvumi wa punda anaondoka akiwa ndugu.

4. Kwa nini uvumi wa namna hii hushika?

Naona sababu tatu.

*Kwanza, utupu hujazwa.* Chumba cha ndani kabisa cha Hekalu kilikuwa kitupu, kwa sababu Mungu wa Israeli hachongwi. Kwa mtu aliyezoea sanamu, utupu ule haukueleweka. Akajiambia, lazima kuna kitu wanaficha. Wakristo nao walikutana alfajiri au usiku, na wasiobatizwa hawakuruhusiwa kubaki kwenye Ekaristi. Usichokiona unakijaza kwa hofu yako.

*Pili, uvumi hausafiri kama uvumi.* Ukishaandikwa na msomi unavaa suti. Apion alikuwa msomi. Tacitus alikuwa msomi tena mkubwa. Aliyemchora Alexamenos hakuhitaji kuwasoma hao. Kufikia wakati wake lilishakuwa jambo ambalo "kila mtu anajua".

*Tatu, na hii ndiyo nzito zaidi: anayeabudu mnyama anahesabiwa mnyama.* Ukishamshusha mtu hadi hapo, kumpiga hakukuumizi dhamiri. Picha ya Karthago haikuishia kwenye kicheko. Wakristo wa mji ule walikuwa wanatupwa kwa wanyama wa mwituni. Mwaka 203 walikufa pale Perpetua na Felisita, vijana wawili, mmoja ananyonyesha na mwingine ametoka kujifungua.

Ndiyo maana amri ya nane haikatazi uongo wa mahakamani tu. Katekisimu namba 2477 inataja hukumu za haraka, yaani kuamini kosa la mwenzako bila msingi wa kutosha, hata kama umeamini kimoyomoyo tu. Hukusema na mtu. Hukusambaza. Uliamini tu. Hapo nako kuna kosa.

5. Alexamenos alijibuje?

Katika jengo lile lile la Palatino, chumba kingine, yalionekana maandishi kwa Kilatini, kwa mwandiko tofauti: *Alexamenos fidelis*. Maana yake, Alexamenos mwaminifu, au Alexamenos muumini. Inawezekana aliandika mwenyewe, inawezekana rafiki yake alimwandikia. Vyovyote vile, lile ni jibu zuri sana. Halikuchora mungu wa mwenzake akiwa na kichwa cha mbwa. Halikutukana. Lilitaja tu jina na uaminifu.

Sisi wa Afrika Mashariki tunawaelewa vizuri vijana wa ikulu. Mashahidi wetu wa Uganda, waliouawa kati ya 1885 na 1887, wengi wao walikuwa watumishi katika jumba la Kabaka Mwanga. Karoli Lwanga aliwaongoza, Kizito alikuwa bado mdogo kabisa. Nao walikaa kati ya wenzao waliowaona ni watu wa ajabu, na jibu lao likawa uaminifu.

Na kuna jambo la kiimani ndani ya mchoro ule ambalo mchoraji hakulikusudia. Mtume Paulo anasema katika 1 Wakorintho 1 kwamba Kristo msulubiwa ni kikwazo kwa Wayahudi na upuuzi kwa mataifa. Mchoro wa Palatino ni sura hiyo imechorwa ukutani. Mchoraji alielewa, pengine kuliko sisi tunaovaa msalaba kama urembo, kwamba kumwabudu mtu aliyetundikwa kama mhalifu ni jambo la kushangaza. Tena Bwana wetu hakumwonea aibu punda. Alimpanda akiingia Yerusalemu (Mathayo 21:1-7), ili litimie neno la Zakaria 9:9 juu ya mfalme mpole. Walitaka kumtukana kwa mnyama ambaye yeye mwenyewe alimchagua.

6. Sehemu ngumu: sisi nasi tulifanya

Tukiishia hapo tutakuwa tumejipigia makofi. Historia inaendelea, na haitusifu.

Wakristo walipopata nguvu, baadhi yao waliichukua silaha ile ile. Mwaka 1233 Papa Gregori IX aliandika barua iitwayo *Vox in Rama* kuhusu wazushi wa Ujerumani. Ndani yake zimeelezwa ibada za siri ambamo watu eti humbusu chura na paka. Taarifa hizo zilitoka kwa watu waliokuwa wakiwasaka wazushi kwa ukali mno. Msomi Mkatoliki Alain de Lille naye aliwahi kulieleza jina la Wakathari kwa kulihusisha na neno la Kilatini la paka. Watemplari, waliokamatwa Ufaransa mwaka 1307, walishtakiwa kuabudu kichwa, na katika orodha ya mashtaka paka naye yumo. Wengi wao walikiri chini ya mateso, na baadaye baadhi wakakana.

Wayahudi ndio waliumia zaidi. Kwenye kuta za baadhi ya makanisa ya Ujerumani zilichongwa sanamu zinazowaonyesha Wayahudi wakinyonya nguruwe. Ipo moja Wittenberg mpaka leo. Fikiria: ukuta wa Roma ulimchora Mkristo na punda, na miaka elfu moja baadaye ukuta wa kanisa ukamchora Myahudi na nguruwe. Mkono umebadilika, dhambi ni ile ile.

Haki isemwe pia: kulikuwa na waliokataa. Papa Innosenti IV, mwaka 1247, alilaani uzushi kwamba Wayahudi hutumia damu ya watoto katika ibada. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko *Nostra Aetate* la 28 Oktoba 1965, ulilaani chuki na mateso yote dhidi ya Wayahudi, wakati wowote na kutoka kwa yeyote. Tarehe 12 Machi 2000, Mtakatifu Yohane Paulo II aliongoza Kanisa kuomba msamaha hadharani kwa makosa ya wana wake.

Usidhani haya ni ya zamani tu. Wayazidi wa Iraq wanamheshimu malaika anayefananishwa na tausi. Kwa karne nyingi majirani wamewaita waabudu shetani. Agosti 2014 kundi la Dola ya Kiislamu liliwavamia kule Sinjar, likaua maelfu na kuwafanya wanawake watumwa. Mauaji yale yalikuwa na maneno nyuma yake, yaliyorudiwa miaka na miaka.

7. Na wewe na simu yako?

Sisi Wakatoliki tunaambiwa kila siku "mnaabudu sanamu". Inauma, kwa sababu si kweli. Mtaguso wa pili wa Nisea, mwaka 787, ulishafafanua kwamba heshima tunayoitoa kwa picha humwendea anayeonyeshwa na picha hiyo, na kuabudu ni kwa Mungu peke yake (soma Katekisimu namba 2132). Jifunze kulieleza hilo kwa upole, kama Octavius. Mtume Petro anatutaka tuwe tayari kujibu kila anayetuuliza, lakini kwa unyenyekevu na dhamiri safi.

Ila sasa tugeuze upande. Mara ngapi umesikia kwamba kanisa fulani lina nyoka chini ya madhabahu? Kwamba mchungaji fulani amepata gari kwa joka? Kwamba Wahindu wa mjini wanafanya hiki na kile ndani ya hekalu lao? Kwamba yule bibi wa mtaani anafuga fisi? Umewahi kuuliza nani aliona? Au na wewe ulibonyeza ukatuma, ukaongeza na vicheko vitatu?

Kukosoa mafundisho ya mtu ni ruhusa. Kama mchungaji anauza maji kwa bei ya kuwaumiza maskini, sema, maana hilo lina mashahidi. Lakini nyoka ambaye hakuna aliyemwona ni kichwa cha punda cha Apion kimerudi.

Nakupa maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kutuma:

1. Nani ameona kwa macho yake? Kama jibu ni "wanasema", acha.
2. Je, mwenye imani hiyo akisikia ninavyoieleza, atakubali kwamba ndivyo anavyoamini?
3. Nikiiamini habari hii, nitampenda jirani huyu zaidi au nitamwogopa?

Tafakari ya mwisho

Rudi sasa kwenye Kutoka 23:4-5. Torati inasema ukimkuta punda wa adui yako amepotea, umrudishie. Na ukimwona punda wa mtu anayekuchukia ameanguka chini ya mzigo, usimpite, umsaidie kumwinua. Hao ndio watu waliosingiziwa kuabudu punda! Sheria yao ilimhusu punda kweli, ila kwa namna ambayo Apion hakuidhani: punda wa adui yako ni nafasi ya wewe kumtendea mema adui yako. Mnainua mzigo pamoja, mkono huku na mkono kule, na hapo ndipo mnaonana uso kwa uso.

Maswali ya kujadili jumuiyani

- Ni uvumi gani kuhusu dini au kabila lingine umekua nao bila kuuhakiki?
- Ukisikia Wakatoliki wanatukanwa, kitu gani kinakuja kwanza moyoni: hasira, aibu, au hamu ya kueleza?
- Kuna mtu wa imani nyingine unayeweza kumuuliza mwenyewe wiki hii, "ninyi mnaamini nini hasa?"

Tusali

Bwana Yesu, ulichekwa msalabani na ukachekwa ukutani, na hukulipiza. Utupe moyo wa Alexamenos, tuwe waaminifu bila chuki. Utusamehe maneno tuliyoyapitisha bila kujua ukweli wake, na uwaponye walioumizwa nayo. Uulinde ulimi wetu na vidole vyetu. Mashahidi wa Uganda, mtuombee. Amina.

Tukutane somo lijalo. Mtumie na rafiki yako, hili limehakikiwa!